Gari la Kuwindia

Baba yangu alikuwa mchinjaji katika soko la Mbale, na mimi nilikuwa mtoto wake mkaidi. Habari ya gari hili haieleweki bila kujua hayo mawili, ndiyo maana nayatanguliza.

Wakati huo vita vilikuwa vimekwisha huku kwetu na kusogea kaskazini. Redio ilisema nchi inajengwa upya. Pale Jinja nilipokuwa nikiishi, viwanda vingi vilikuwa bado vimefungwa, na wafanyakazi wake wa zamani walikuwa wakiuza sigara mojamoja barabarani. Mimi nilikuwa mjane wa mtaa wa Nalufenya, nauza dagaa. Mume wangu alikuwa dereva wa lori. Alitoka na mzigo wa chumvi wakati mapigano yalipopamba moto, hakurudi yeye wala lori. Aliniachia watoto wawili na ujuzi wa kuendesha gari, maana alikuwa mtu wa aina yake: alimfundisha mkewe kuendesha lori mchana kweupe, majirani wakicheka hadi kushika mbavu.

Baba alikuwa Mbale, mtaa wa Nabuyonga, katika chumba kimoja cha kupanga. Hapakuwa kwake. Shamba lake liko nje ya mji, chini ya mlima, kwenye uwanda wa udongo mweusi. Wezi wa ng'ombe walikuja na bunduki, wakasomba mifugo ya kijiji kizima, wakachoma nyumba. Baba alikimbia kwa miguu akiwa amebeba kisu chake cha kazi na mkeka wa kusalia. Tangu hapo magoti yake yalianza kuvimba. Kila nilipokwenda kumtazama nilimkuta kwenye kiti mlangoni, na mazungumzo yake yalikuwa yaleyale: mihogo ingekuwa imefika hapa, mtama ungekuwa umefika pale.

Halafu habari ikaja. Watu walikuwa wameanza kurudi kule uwandani, na viongozi wa kijiji walikuwa wamekata shauri: shamba litakalokaa bila kulimwa msimu ule lingepewa mtu mwingine. Mvua zilikuwa zimeshaanza. Baba aliniambia hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, kisha akaanza kukunja mkeka wake kana kwamba angeondoka muda huohuo. Alipojaribu kusimama, akashindwa. Nilimwinua mimi, nikamrudisha kitini.

Ilibidi nipate gari, na si gari lolote. Ule udongo mweusi ukilowa unashika gurudumu na kulimeza. Malori yalikuwa yakikataa kwenda, baiskeli nazo zilibebwa mabegani. Tena nguruwe wa porini walikuwa wamezaana sana miaka ile ambapo hapakuwa na wa kuwafukuza, na walikuwa wakifukua kila kilichopandwa. Wachache waliokuwa wamerudi walisema shamba halitalindwa bila gari la kubeba watu na mikuki, lipite mashamba yote likipiga kelele. Sisi Waislamu tungefukuza tu. Nyama ingekuwa ya majirani.

Nikasikia kuna afande wa magereza anauza gari aina ya jipu, anakaa mtaa wa Nkoma, hukohuko Mbale. Wanawake wenzangu wa sokoni walishika vichwa. "Utanunua kitu kwa hao? Kila walicho nacho wameiba." Afande alikuwa mtu wa kaskazini, na baada ya serikali kubadilika watu wa kaskazini waliokuwa wamevaa sare walikuwa wakitazamwa hivyo, wema kwa wabaya. Nilikwenda. Nilikuwa nimeweka akiba ya dagaa kwa muda mrefu, na nilikuwa nimeshazoea kuchekwa.

Alikuwa pande la mtu, mvi zimeanza kichwani, amevaa suruali ya kazi na fulana nyeupe iliyofuliwa vizuri. Jipu lilikuwa nyuma ya nyumba chini ya turubai. Nilitandika leso yangu chini, nikaingia uvunguni kuangalia chesisi. Nikamsikia akicheka huko juu.

"Mama, wewe ni fundi?"

"Mimi ni mnunuzi," nikamjibu.

Springi moja ilikuwa imefungwa kwa waya. Rejeta ilikuwa na alama ya kuchomelewa. Lakini injini iliwaka kwa mzunguko wa kwanza wa hendeli, na gia ndogo, ile inayovuta magurudumu yote manne, iliingia bila kugoma. Nilijikaza uso usionyeshe furaha.

"Gari hii si ya wizi," akasema kabla sijamwuliza. "Mimi nilinunua kwa mnada, ilikuwa ya watu ya mifugo. Karatasi ilichomeka na nyumba yangu kule kwetu. Sasa mimi nataka kwenda nyumbani, na hii gari kule barabarani italeta taabu. Watasema tu afande ameiba."

Nilipomwambia kwamba baba yangu alikuwa mchinjaji, akageuka haraka. "Yule mzee ya sokoni? Mwenye kofia?" Kumbe alimjua, kama alivyojulikana na nusu ya mji. Na kumbe afande naye alikuwa na shida yake. Alikuwa amemwahidi mfanyabiashara mmoja wa mjini nyama ya mwitu kwa ajili ya harusi ya bintiye. Na kwetu, mwindaji anayetaka kuuza nyama mjini hatoki bila Mwislamu wa kumchinja mnyama kabla roho haijatoka. Bila hivyo nyama hiyo ni ya kuliwa na wenyewe tu, harusini haingii.

"Kesho tunakwenda pori," akasema. "Wewe utaona kazi ya gari. Mzee atachinja. Tukirudi, unalipa, unachukua gari yako. Kwisha."

Baba alikubali bila maneno mengi. Alinoa kisu chake asubuhi, akakifunga kwenye kitambaa, nikamsaidia kupanda kiti cha mbele. Mimi nilikaa nyuma na vijana wawili wa kijijini ambao afande aliwachukua njiani ili wabebe mzigo. Na niseme kweli, siku ile nililipenda lile gari. Lilipita kwenye madimbwi ambayo ningeapa hayapitiki. Liliingia kwenye korongo likapanda upande wa pili likinguruma kwa hasira, vijana wakinishika mabega nisirushwe nje. Kule mbele niliiona kofia ya baba ikichezacheza, na alipogeuka niliona meno. Sikuwa nimeyaona meno yake tangu siku alipokimbia shamba.

Afande alipiga kongoni kutoka mbali. Mnyama akakimbia kidogo, akaanguka ng'ambo ya mfereji mpana wa maji ya mvua. Jipu lililazimika kuzunguka kutafuta pa kuvukia, kisha tukateremka kwa miguu kwenye nyasi ndefu. Vijana walitangulia. Afande alimshika baba mkono mmoja na mimi mwingine, tukambeba nusu, tukamburuta nusu. Alikuwa akihema na kusema, "Twendeni, twendeni."

Tulipofika, kongoni alikuwa amekufa. Sitii chumvi, hapakuwa na lolote la kubishania. Nzi walikuwa wameshatua machoni na jicho halikupepesa. Baba aliinama akalishika sikio, akaligusa jicho kwa ncha ya kidole, akaweka kiganja chini ya shingo, akangoja. Kisha akaanza kukifunga kisu chake tena kwenye kitambaa.

"Mzee?" afande akasema.

"Huyu amekufa, afande."

"Kata tu, mzee. Bado moto."

"Moto upo. Roho haipo."

Vijana walitazamana. Afande akasogea karibu. Bunduki ilikuwa begani, hakuishika, lakini miaka ile bunduki ya begani ilitosha kumkausha mtu mate. Alisema polepole, kama anayembembeleza mgonjwa. "Sikiliza, mzee. Hapa tuko sisi tu. Wewe unapitisha kisu, unasema maneno yako. Nani atajua?"

Nilimtazama baba. Nilimtazama kwa macho yote niliyokuwa nayo. Nilitaka akate. Niliona shamba, niliona mvua zinapita, niliona jipu lile zuri limesimama kule juu, na kati yangu na vyote hivyo palikuwa na kisu kimoja na maneno mawili matatu. Baba aliyaona macho yangu, nina hakika.

"Nitajua mimi," akamwambia afande. "Na wewe, na binti yangu, na hawa vijana. Tuko wengi."

Afande akatema mate nyasini, akawaambia vijana, "Chukua, ni yenu." Vijana hawakuwa Waislamu, walifurahi kama siku ya sikukuu. Kwetu sisi akasema jambo moja tu, tukiwa tumeshapanda garini. "Gari hakuna tena."

Alitushusha Nabuyonga bila kuaga. Nilimwingiza baba chumbani, nikamvua viatu, nikamwekea maji, na hapo hasira zikanishinda. Nilimwambia maneno ambayo mtoto hamwambii baba yake. Nilimwambia wakati wa vita watu walikula vibaya kuliko hivyo. Nilimwambia anapenda jina lake kuliko shamba lake, na kuliko jasho langu, na kwamba harusi ya tajiri asiyemjua imekuwa bora kwake kuliko sisi.

Aliningoja nimalize. "Wakati wa vita," akasema, "watu walikuwa wakija kwangu sokoni hawaulizi. Kila kitu kingine walikuwa wakikiulizia: mafuta haya ni ya nini, unga huu umetoka wapi, askari huyu ni wa nani. Nyama yangu hawakuiulizia. Wakiniona nimesimama hapo, wananunua." Akanywa maji. "Shamba ni langu, mwanangu. Naweza kulipoteza, ni shauri yangu. Hili jingine ni la watu. Nitalitoaje?"

Hasira zangu zikazidi tu. Nililala kwenye mkeka wake nimempa mgongo.

Asubuhi nilimwambia nakwenda sokoni, nikapanda bodaboda ya baiskeli mpaka Nkoma. Nilikuwa nimejipanga kubembeleza, hata kulia kama machozi yangenisaidia. Afande alikuwa nje akiosha jipu, matope ya jana yakitiririka uani. Hakuonekana kushangaa. Aliniletea kigoda.

"Dada, mimi nauliza kitu moja," akasema. "Ile jana. Kama kisu ilikuwa yako, wewe ungefanya nini?"

Nilikuwa nimekuja na maneno matamu mengi. Sijui kwa nini yalinipotea yote. Labda nilichoka. "Ningekata," nikasema.

Akacheka, akakaa kwenye bampa, akacheka tena. "Mimi pia. Na wale vijana pia. Sisi wote tungekata." Kisha akaacha kucheka. "Mimi sikulala. Nilikuwa na kasirani sana. Halafu nikafikiri: siku moja askari atashika hii gari. Atauliza, ilitoka wapi? Karatasi ya kwanza hakuna. Mtu ambaye amenunua, akiwa mwoga, atasema, 'Sijui, yule afande alikuwa na magari mingi.' Na mimi wananitafuta mpaka nyumbani. Wewe unajua sasa namna watu ya kwetu wanafanywa." Akalipiga jipu kofi dogo. "Mimi nataka mtu ambaye hata ukimtisha anasema ile iko. Nauza kwa mzee. Si kwa wewe, dada. Usikasirike. Jina ya mzee ndiyo itaandikwa."

Nilikasirika, bila shaka. Fedha zilikuwa zangu zote, zinanuka dagaa hadi yeye mwenyewe alikunja pua alipozipokea. Lakini nilimpeleka baba kwa mwenyekiti wa mtaa, makubaliano yakaandikwa, jina lake likakaa pale juu, mimi nikatia sahihi mahali pa shahidi. Afande alimpa baba mkono kwa mikono yote miwili. Wiki ileile akaondoka kwenda kwao, na sikumwona tena.

Watoto nikawaacha Jinja kwa jirani, tukatoka Mbale mimi nikiwa kwenye usukani, baba kando, nyuma majembe, vipando vya mihogo, mbegu za mtama na sufuria. Nilikuwa na raha ya ajabu, nusu yake ni hofu. Kabla ya kuacha barabara kuu tukakuta kizuizi: gogo limelazwa, askari kijana akanyanyua mkono. Watu walikuwa wamenihadithia kuhusu kizuizi kile. Magari yasiyo na karatasi kamili yalikuwa yakiachwa pale, na wenyewe wakiendelea kwa miguu. Baba hakuwa na miguu ya kuendelea nayo.

"Gari ya nani?" askari akauliza kwa Kiswahili. Kwetu Kiswahili kilikuwa lugha ya wenye bunduki, na mtu akikusemesha hicho barabarani, kabla hujaelewa maneno umeshatafuta ulichokosea.

Nikampa karatasi ya makubaliano. Akaisoma, akamtazama baba. "Mzee, hii umenunua wapi?"

Nilikuwa na uongo mwepesi mdomoni, kwamba muuzaji ni mwalimu mmoja aliyestaafu. Baba akaniwahi.

"Kwa afande wa magereza. Mtu wa kaskazini."

"Yeye iko wapi sasa?"

"Amekwenda kwao."

"Karatasi ya kwanza?"

"Alisema ilichomeka na nyumba yake," baba akasema, akafikiri kidogo. "Mimi sikuiona ikichomeka. Nakwambia alivyosema yeye."

Nilitamani ardhi ipasuke. Askari akaita mkubwa wake, mwanamume mwembamba aliyekuwa akila mahindi ya kuchoma chini ya kibanda. Akaja akitafuna, akasikiliza yote tangu mwanzo, akazunguka gari mara moja, akapiga gurudumu teke.

"Kwa hiyo gari hii ni yako, mzee."

"Kwenye karatasi ni yangu," baba akasema. "Lakini ni ya huyu binti yangu. Fedha ni zake, ameuza dagaa. Aliyeuza ndiye aliyetaka jina langu."

Mikono yangu ilikuwa kwenye usukani, na niliitazama kwa sababu sikuweza kumtazama mtu. Nilikuwa nimekasirika naye, na wakati huohuo nilitaka ayarudie maneno yale. Maisha yangu yote vitu vyangu vilikuwa vya baba, kisha vya mume, kisha vya marehemu. Hakuna aliyewahi kusimama mbele ya watu akasema hiki ni cha huyu. Na yeye alikuwa amechagua kulisema hapa, mbele ya gogo, ambapo lingeweza kutupotezea kila kitu.

Mkubwa yule alimaliza kutafuna. "Mzee," akasema, "mwizi huwa anakuja na hadithi nzuri kuliko hii." Akamwashiria kijana aondoe gogo.

Tukaacha barabara kuu. Udongo mweusi ulipoanza nikaingiza gia ndogo, na jipu likatambaa likiyumba, matope yakiruka mpaka kwenye kofia ya baba. Shamba nililijua kwa mti wa mpakani. Nyasi zilikuwa zimefika kifuani, na pembeni kabisa walisimama watu watatu na kamba, wanapima. Mmoja alikuwa mzee wa kijiji. Wale wengine wawili walikuwa na majembe mapya.

Walikuja mpaka dirishani. Mzee wa kijiji alimtazama baba, akavua kofia.

"Tuliambiwa umekufa," akasema.

"Si kweli," baba akajibu.

Akafungua mlango mwenyewe. Akateremsha mguu mmoja, akausubiri, akateremsha wa pili. Nilipotaka kumshika, akanyoosha mkono, lakini hakuwa akinitafuta mimi, alitaka jembe. Nikampa. Alitembea akiliegemea mpaka penye nyasi, akainua, akapiga. Pigo lilikuwa dogo, likageuza udongo wa ukubwa wa kiganja. Akainua tena. Wale watu watatu walisimama wakimtazama, kisha yule mwenye kamba akaanza kuikunja. Nikafunika uso kwa mtandio nikalia pale kwenye usukani, kwa sauti, kama mtoto. Nilipomaliza nikashuka nikachukua jembe jingine.